Noeli Ndani ya Mzigo

Zamu yangu ya kuandika imefika. Tulikubaliana mwezi huu kila mmoja aandike juu ya nyumba. Nilianza kuandika juu ya nyumba yetu ya Jomba mara tatu, na mara tatu nikafuta. Basi leo nitaandika juu ya chumba ninacholala sasa, na Noeli ya mwaka 2024 tuliyoifanya ndani yake.

Naishi Kampala, upande wa Makindye. Kama umekaa mji huu unazijua nyumba zetu: vyumba vimepangwa mstari mmoja chini ya bati moja, mbele ya milango kuna kamba za nguo, choo kiko mwisho kabisa. Chumba cha namna hiyo Waganda wanakiita muzigo. Siku niliyompigia Mama simu kumwambia nimepata pa kukaa, nilisema, "Mama, nimepata muzigo." Akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Ya kupeleka wapi?"

Tulicheka sana siku ile. Lakini Mama hakuuliza kwa mzaha.

Chumba chenyewe ni hatua tano kwa nne, kimegawanywa na pazia. Nyuma ya pazia kuna kitanda. Mbele kuna meza ya plastiki, viti viwili, jiko la makaa, na furushi la vitenge ninavyouza. Kila asubuhi natoka na vitenge begani na kuzunguka mitaani mpaka miguu iwake moto. Mwenzangu wa chumba ni dada wa Kirundi anayesuka nywele. Kodi tunagawana katikati.

Mama yuko Nakivale na wadogo zangu wawili, wa kiume ana miaka 12 na wa kike miaka 8. Baba alitangulia mwaka 2016 kwa ugonjwa, kwa hiyo Mama amekuwa mama na baba kwa muda mrefu. Tulitoka Jomba Juni 2022, wiki ile Bunagana ilipochukuliwa. Tulivuka kwa miguu kuingia Kisoro, tukalala Nyakabande, halafu tukapandishwa magari kwenda Nakivale. Wengi wenu mnaijua njia hiyo, sina haja ya kuieleza.

Ninachotaka kueleza ni sakoshi.

Mama alitoka Jomba na mtoto mgongoni, envelopu ya karatasi za familia kifuani, na sakoshi moja nyeusi yenye mpini mmoja mzima na mwingine umekatika. Nakivale tulipopewa kiwanja na kujenga kinyumba cha udongo, kitu cha kwanza Mama alichofanya ni kupigilia msumari karibu na mlango na kutundika sakoshi ile. Haikufunguliwa mbele yetu hata siku moja. Majirani walipaka kuta zao majivu na udongo mwekundu, wakabandika kalenda, wakapanda maua ndani ya makopo. Ukuta wetu ulibaki vilevile, na msumari mmoja. Ukimwuliza Mama, jibu lilikuwa moja: "Siye tuko bapita-njia."

Na mimi nilikuwa na jambo langu moyoni. Mwaka 2021 nilipata diploma ya Serikali, ile inayofunga masomo ya sekondari kwetu Kongo. Siku matokeo yalipotoka walinimwagia poda kichwani, nikarudi nyumbani mweupe kama mzimu, Mama anapiga vigelegele barabarani. Karatasi yenyewe iliwekwa kwenye kabati la sebuleni. Ilibaki kwenye kabati hilo. Hapa Kampala nimegonga milango na kueleza nilivyoweza, na kila mahali wanauliza karatasi. Sijamlaumu mtu wa ofisini, yeye naye anafuata sheria yake. Mtu niliyemlaumu kimyakimya, miaka miwili na nusu, ni Mama. Alipata nafasi ya kubeba sakoshi. Kwa nini hakubeba diploma?

Sikuwahi kumwuliza. Mambo mengine ukiyauliza ndani ya kinyumba kidogo hayana pa kwenda, yanabaki yanazunguka na nyinyi humohumo.

Oktoba 2024 mwenzangu aliniambia kwamba Noeli ataenda kwa shangazi yake, chumba kitabaki na mimi peke yangu kwa wiki mbili. Usiku ule nilipiga hesabu. Kikundi chetu cha akiba kingegawana pesa mwanzoni mwa Desemba, fungu langu shilingi 260,000. Nikaamua: badala ya mimi kwenda Nakivale kula Noeli na kurudi, nitawaleta wao Kampala. Wadogo zangu walikuwa hawajawahi kwenda mahali kwa ajili ya kutembea tu. Mara zote walizopanda gari, walikuwa wanakimbia au wanapelekwa.

Mama alikataa kwa sababu tatu. Ya kwanza, siku ya kugawa pesa ya chakula: akikosekana je? Nikamwambia ya Desemba itakuwa imeshapita, na kweli ilipita. Ya pili, nyumba: nani atalala ndani? Jirani yetu mmoja, mama wa Kibembe, alikubali kumleta kijana wake alale pale. Ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu. Akasema: "Batu batasema niko na franga. Leo nitaenda kula Noeli Kampala, kesho jina langu itatoka kwenye liste."

Nyinyi mnaofanya kazi na sisi, naomba msome sentensi hiyo mara mbili. Sijui kama kweli jina linaweza kutoka kwa sababu ya safari ya siku kumi na mbili. Sidhani. Lakini tangu msaada ulipopunguzwa na watu kupangwa kwa makundi, hofu hiyo iko kila nyumba. Watu wanaficha redio wakisikia gari la wageni. Mama yangu aliogopa kufurahi asije akaonekana.

Mwisho aliyemshinda ni kitinda mimba wetu. Alimwuliza tu, "Mama, siye tutafeti lini?" Mama akanipigia simu kesho yake. "Kuja kutuchukua."

Nilitoka Kampala Jumatano tarehe 18, kabla nauli haijapanda. Kwenda Mbarara nililipa 30,000, na kutoka pale mpaka Nakivale 10,000 kwenye gari dogo tulilobanana watu tisa. Desemba Kampala yote inahamia vijijini, nauli inapanda kila siku, na stendi watu wanaingilia madirishani. Lakini mabasi yanayorudi Kampala yanarudi matupu. Sisi tuliondoka Jumapili tarehe 22, kinyume na dunia nzima, na kondakta alitubembeleza tupande: 20,000 kila mtu, mtoto mdogo apakatwe. Nikawaza, kwa mara ya kwanza kwenda njia tofauti na watu kumetupa faida.

Nilipofika Nakivale nilikuta Mama ameshapanga. Nilisema tunaenda siku kumi na mbili. Yeye alikuwa amefunga sufuria zote tatu, blanketi zote, kopo la chumvi, jembe bila mpini, na nguo zote za watoto. Na juu ya vyote, sakoshi nyeusi.

"Mama, tunarudi tarehe 3."

"Njo vile tulisemaka na mara ile."

Nilinyamaza. Ni kweli, Jomba tulifunga mlango tukisema tutarudi baada ya siku mbili. Tulibishana polepole, kitu kimoja kimoja. Jembe lilibaki. Sufuria mbili zilibaki. Sakoshi sikuigusa.

Safari ilikuwa nzuri, jamani. Wadogo zangu walikaa dirishani, wakahesabu ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu mpaka wakachoka. Lukaya basi liliposimama, wauzaji walikimbia na vijiti vya nyama na gonja ya kuchoma, wakavipenyeza madirishani, na mdogo wangu wa kiume akaogopa akadhani ni vurugu. Nilinunua gonja mbili. Tulipokaribia Kayabwe niliwaambia, "Angalieni, sasa hivi tutavuka ikweta. Upande huu ni kusini ya dunia, upande ule ni kaskazini." Niliwaonyesha zile duara mbili nyeupe kando ya barabara.

Mama alikuwa anasinzia. Aliposikia neno "kuvuka" alishtuka, mkono ukaenda kifuani moja kwa moja, akatoa envelopu.

"Bataangalia makaratasi hapa?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. "Hapana Mama. Hapa hakuna mutu anaangalia kitu. Iko mstari tu."

Basi lilipita bila hata kupunguza mwendo. Mama aligeuka kutazama nyuma mpaka zile duara zikapotea. Halafu akairudisha envelopu, taratibu, akasema kama anaongea peke yake: "Mpaka yenye haina masoda. Muzuri."

Kampala tulifika jioni. Mama alisimama mlangoni mwa chumba changu, akakitazama pande zote, haikuchukua muda. "Kumbe ni kweli iko muzigo," akasema. Alitafuta msumari karibu na mlango. Haukuwepo, mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe. Sakoshi ikawekwa chini ya kitanda.

Sasa nije kwenye kupamba, maana najua wengine mnasubiri hapo.

Pesa iliyobaki kwa ajili ya mapambo ilikuwa shilingi 20,000. Nilikuwa nimeona mjini zile taa ndogo zinazowakawaka na kuimba, nikazitamani. Lakini mita yetu ya umeme tunachangia vyumba sita, na mwenye nyumba alishasema asione waya wa ziada. Basi taa zikafutika. Hivi ndivyo tulivyofanya, na kama nawe una chumba kidogo unaweza kuiga.

Nilikwenda kwa fundi cherehani anayeshona vitenge vyangu, nikamwomba mabaki. Alinipa mfuko mzima bure. Tulikata vibendera vya pembe tatu, tukavishona kwenye uzi, tukapata kamba mbili ndefu. Kwa kuwa misumari hairuhusiwi, tulizifunga kutoka nondo ya dirisha mpaka fimbo ya pazia. Chumba kidogo kina faida hiyo: kamba moja inatosha nyumba nzima. Halafu nilinunua karatasi ya choo, rola moja nyeupe na moja ya pinki, kwa shilingi 2,000. Kama ulikulia kwetu unajua hiyo ndiyo pambo la harusi, la ubatizo, na la Noeli. Unashika ncha, mwenzako anazungusha rola upande wa pili mpaka inakuwa kama kamba iliyosokotwa, mnapitisha chini ya dari. Mdogo wangu wa kiume alizungusha mpaka akaanguka. Baluni pakiti moja, 3,000. Tulizipuliza kwa zamu, na zikapasuka nne kabla ya kufungwa.

Mti nao. Kwetu tunasema sapini, ingawa ni sipresi. Barabarani walikuwa wanauza matawi makubwa ya bei kubwa. Nikachukua tawi dogo lililopinda, 5,000. Tuliliweka ndani ya bidoni iliyokatwa, tukajaza mchanga na mawe, tukafunika bidoni kwa kitenge. Juu ya matawi tuliweka pamba.

"Yaya, hii pamba iko nini?" kitinda mimba akauliza.

"Teluji."

"Teluji iko nini?"

Hapo nilikwama. Nani kati yetu ameona theluji? Mama alijibu kutoka kwenye jiko bila kugeuka: "Ni ile cheupe yenye inakalaka juu ya Karisimbi, asubuhi ya baridi." Tulinyamaza wote. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tufike Uganda Mama kutaja kitu cha kwetu ambacho si vita.

Taa aliileta mdogo wangu wa kiume. Alikuwa ameibeba kwa siri ndani ya nguo zake: ile taa ndogo ya sola waliyotugawia Nakivale. Tuliiweka mchana juu ya bati, jioni tukaiweka nyuma ya sapini. Kivuli cha matawi kikajaa ukuta mzima. Zile taa za kuimba sikuziwaza tena.

Tarehe 24 mchana kila kitu kilikuwa tayari, ila meza. Meza yangu ni ya plastiki, imeungua sehemu mbili kwa sufuria. Niliisugua, bado mbaya. Nikasema, labda tutandike kitenge. Mama aliitazama meza muda mrefu. Halafu akainama, akavuta sakoshi kutoka chini ya kitanda, akaketi nayo mapajani.

Watoto waliacha kucheza. Mimi nilikuwa na kisu na kitunguu mkononi.

Zipu ilikuwa imeshika kutu, aliivuta kwa meno. Ndani mlikuwa na vitambaa. Vile vya kufuma kwa kroshe, vyeupe vyenye ukingo wa njano, vya kuweka juu ya viti na meza: sita vidogo na kimoja kikubwa. Vilikuwa vimekunjwa vizuri, na kwenye mikunjo vimeanza kuwa vya kahawia. Hakuna kingine. Hakuna picha za Baba. Hakuna karatasi.

Nilisikia sauti yangu ikitoka: "Kwa hiyo ulibeba hii."

Mama hakujibu.

"Diploma yangu ilikuwa ndani ya kabati, Mama. Hatua mbili kutoka kwa meza. Na ukabeba vitambaa."

Aliinua uso. Hakukasirika, na hiyo iliniuma zaidi. "Unazania nilichagua? Ile siku mukono ilikamata kitu yenye ilikuwa karibu. Vitambaa vilikuwa juu ya meza. Karatasi yako ilikuwa ndani ya kabati yenye ufunguo. Masasi haingojake mutu afungue kabati."

Nilitoka nje. Nilikaa kwenye ngazi karibu na kamba za nguo na kulia kama mtoto, na kisu cha vitunguu bado mkononi, kwa hiyo aliyepita alidhani ni vitunguu. Mtaa ulikuwa kimya. Kampala ya tarehe 24 haina watu, milango mingi ilikuwa na makufuli. Nilihesabu makufuli. Nilijiambia maneno mengi ambayo sitayaandika hapa.

Baada ya muda mdogo wangu alikuja. Nilidhani ametumwa kunibembeleza. Akasema tu, "Yaya, Mama anauliza sindano iko wapi. Kitambaa imepasuka."

Nilikwenda kutafuta sindano. Mama alikuwa amekitandaza kile kikubwa mapajani. Kwenye kona uzi ulikuwa umefumuka. Nilimpa sindano. Macho yake hayaoni vizuri karibu, kwa hiyo nikamtungia uzi. Kitambaa kilikuwa kizito, kikawa kinateleza, kwa hiyo nikashika upande mwingine. Tukakaa hivyo, yeye anashona, mimi nimeshika. Ndipo akaanza kueleza, macho kwenye uzi.

Mwaka ule nilipokuwa nikisoma darasa la sita la sekondari, pesa ya shule na ya mtihani haikuwepo. Maharage yaliuzwa bei ya chini. Mama alifuma vitambaa usiku, kwa koroboi, akaviuza kwa wake za walimu na kwa watu wa parokia. Kila seti ilikuwa na kikubwa kimoja na vidogo sita. Mimi nilidhani pesa ilitoka kwa mjomba wa Goma, maana ndivyo alivyoniambia. Seti ya mwisho hakuiuza. Aliiweka kwa ajili ya siku ya diploma, akaitandika tulipopokea wageni, na tangu siku hiyo haikutoka juu ya meza.

"Nilikuwa nataka ukiingia uione," akasema.

Sitaki kuwadanganya kwamba nilimkumbatia na yote yakaisha. Sikusema kitu. Nilikuwa bado na hasira, ila sasa ilikuwa hasira isiyojua imwendee nani. Alipomaliza alikata uzi kwa meno, tukatandika meza pamoja. Kitambaa kilikuwa kikubwa kuliko meza, kikashuka mpaka karibu chini, kikaficha miguu ya plastiki na alama za kuungua. Mdogo wangu wa kike akaingia chini yake, akasema hiyo ndiyo pango la Mtoto Yesu, akakataa kutoka.

Noeli yenyewe ilikuwa kama Noeli. Misa asubuhi, kanisa limejaa Wakongo na Warundi waliobaki mjini, nguo zimepigwa pasi kwa makaa. Wadogo zangu walivaa kitenge kimoja, kilichokatwa kwenye furushi langu la biashara. Hasara hiyo niliibeba kwa moyo mweupe. Nyumbani tulipika wali, kuku mmoja, na sombe aliyotwanga Mama. Bibi mmoja Mganda wa chumba cha tatu, ambaye watoto wake hawakuja kumchukua kwenda kijijini, alituletea matoke na mchuzi wa karanga uliofungwa kwenye jani la mgomba. Mama alimwita akae. Hawakuwa na lugha moja. Bibi alishika ukingo wa kitambaa, akakigeuza kuona upande wa chini, kama wafumaji wanavyofanya, akatikisa kichwa kwa sifa. Mama akamwonyesha kwa vidole jinsi kile kifundo cha njano kinavyofungwa. Waliendelea hivyo saa nzima.

Kesho yake tuliwapeleka watoto Ggaba kuona ziwa. Ni bure, ukijizuia kununua samaki. Hatukujizuia.

Tarehe 3 Januari niliwasindikiza stendi. Nauli ilikuwa tena ya chini, maana sasa watu wote walikuwa wanarudi Kampala na sisi tunatoka. Wakati wa kufunga mizigo Mama alichukua vile vidogo sita, kikubwa akakiacha mezani. Nikamwambia amesahau. Akasema hajasahau. "Kule sina meza ya kukitosha."

Hakuna jina lililotoka kwenye orodha. Mwezi wa pili mdogo wangu alinitumia picha kwa simu ya jirani. Ukuta wa kinyumba chetu umepakwa majivu mpaka nusu, na chini udongo mwekundu. Kwenye viti viwili na kwenye redio kuna vitambaa vyeupe vyenye ukingo wa njano. Sakoshi bado iko kwenye msumari, mlango wazi, imevimba. Nilimpigia kumwuliza kuna nini ndani. Akasema Mama ameweka humo mbegu za maharage, panya hazifiki.

Diploma bado sina. Mama alimpata kwa simu mwalimu wangu mmoja wa zamani, ambaye sasa yuko upande mwingine, na amesema atatafuta kama kuna daftari la shule lililobaki. Ikipatikana nitawaambia. Kwa sasa bado nazunguka na vitenge, na jioni nikirudi nakula kwenye meza yenye kitambaa kikubwa kuliko yenyewe.

Nyinyi mnaotutembelea na fomu zenu: mkikuta pambo ukutani, kalenda, ua ndani ya kopo, msihesabu hiyo kuwa ni pesa. Muulizeni mwenye nyumba limetoka wapi, kama ana nguvu ya kueleza.

Na nyinyi wenzangu, Noeli inakaribia tena. Mwaka huu Mama anasema mimi ndiye nitakwenda Nakivale, na kwamba niende na mabaki ya vitenge mfuko mzima, maana majirani wanataka vibendera. Nauli inapanda kuanzia katikati ya Desemba, kwa hiyo anayekwenda njia hiyo aniambie mapema tupange pamoja. Mwenye rola ya karatasi ya pinki aje nayo.